Nilinunua fimbo kabla ya kumjua samaki

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, alinionyesha kwenye simu fimbo ya kuvulia anayotaka kuiagiza kutoka nje. Laki nne na nusu, bado usafiri. "Kaka, hii inafaa?" Nikamuuliza anataka kumvua samaki gani. Akajibu, "Yeyote tu." Nikamsihi asitume hela kwanza. Tulikaa barazani mpaka adhana ya isha nikimweleza haya ninayoyaandika hapa, kwa sababu na mimi nilianza na "yeyote tu" hiyohiyo, na kilichonitoka hakikuwa fedha peke yake.

Mwaka 2022 tulimzika baba mwezi wa nane. Baada ya msiba usingizi ulinitoroka. Mchana niko dukani mtaa wa Gerezani nauza spea za pikipiki, kelele mpaka jioni. Usiku nakodolea macho dari. Desemba shemeji yangu, mume wa dada, akaja likizo kutoka Houston. Katika mzigo wake kulikuwa na kiboksi cha plastiki chenye vyumba vidogovidogo, kila chumba na kitu chake: minyoo ya mpira ya rangi ya zambarau, visamaki vya plastiki vyenye ndoano za meno matatu, vijiko vya bati vinavyozunguka majini na kumeremeta. Kule Texas shemeji anavua besi, yule wa mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini mwenye mgongo wa kijani na mstari mweusi ubavuni. Mimi silali kwa majonzi, yeye halali kwa tofauti ya saa, basi tukawa tunakesha wote sebuleni, yeye anasimulia na mimi nasikiliza.

Alinisimulia habari za George Perry wa Georgia, aliyemvua besi wa kilo 10 na kidogo tarehe 2 Juni 1932. Ilipita miaka 77 ndipo Manabu Kurita akamvua mwingine katika ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, aliyemzidi yule wa kwanza kwa uzito usiofika aunsi moja, yaani kama gramu 28. Kanuni zinataka umzidi mwenzako kwa aunsi mbili, hivyo wawili hao wakaigawana rekodi. Lakini kilichonishika si uzito. Kilichonishika ni tabia. Besi si samaki wa kukimbizana na chakula. Anajibanza kando ya gogo, chini ya majani yanayoelea, kwenye kivuli cha gati, na kusubiri. Kitu kikipita karibu anafungua kinywa kwa ghafla, maji yanavutwa ndani kwa nguvu, na mawindo yamo humohumo. Akihisi kwamba alichokimeza si chakula, anakitema kabla mvuvi hajajua kama aliguswa. Usiku ule nilipanda kitandani nikimuwaza samaki aliyetulia kivulini, nikalala mpaka alfajiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Shemeji alipoondoka aliniachia kile kiboksi. "Fimbo utatafuta mwenyewe, shemeji."

Nilitafuta kweli. Fimbo na rili yake, kile kifaa cha kukunjia mshipi, 320,000. Mshipi wa kusuka na mwingine wa nailoni, 90,000. Vyambo bandia zaidi, ilhali vya shemeji nilikuwa sijavigusa, 160,000. Kusafirisha na kuutoa mzigo, 170,000. Jumla 740,000, na ndani yake laki mbili zilikuwa za ada ya mtoto ya muhula wa pili. Mke wangu nilimwambia mzigo ulipokwisha kufika. Wiki nzima tulizungumza mambo ya lazima tu. Hela niliirudisha kabla ya Julai, lakini kuaminiwa tena na mke wangu kwenye mambo ya fedha kulichukua zaidi ya hapo. Hilo naliweka mbele ya makosa mengine yote. Unayeanza, kaa na mwenzako nyumbani kabla hujaagiza hata ndoano.

Kosa lililofuata ni rili yenyewe. Nilichagua ile wanayoitumia mabingwa wa besi kwenye video, inayokaa juu ya fimbo, ambayo kigurudumu chake kinazunguka chenyewe unapotupa. Uzuri wake ni nguvu na shabaha. Ubaya wake ni kwamba chambo kikipunguza kasi angani na kigurudumu kikaendelea kuzunguka, mshipi unatoka kwa wingi kuliko unavyovutwa, unajifunga humo ndani kama nywele zisizochanwa. Kila Jumapili asubuhi nilikwenda uwanja wa mpira wa mtaani kufanya mazoezi, na mwezi wa kwanza nilikata na kutupa kama mita 100 za mshipi mpya. Watoto walikuwa wanakuja kunisaidia kufumua mafundo.

Nilivyolitatua tatizo hilo ni hivi. Kwanza niliacha kutupa chambo cha kweli, nikafunga nati ya pikipiki mwisho wa mshipi, bila ndoano. Pili, nilijifunza kukaza kile kifundo cha pembeni ya rili mpaka nati, ukiiachia ishuke, inashuka polepole, na ikigusa ardhi kigurudumu kinasimama bila kuendelea hata mzunguko mmoja. Tatu ni kidole gumba: kinapumzika juu ya mshipi muda wote nati ikiwa angani, kinaugusa kwa wepesi, na kinabana kabisa kabla tu nati haijatua. Na usitupe kuelekea kwenye upepo mpaka mkono umeshazoea. Ilinichukua wiki tisa. Kwa anayeanza sishauri njia hii hata kidogo. Nunua rili inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo kigurudumu chake hakizunguki wakati wa kutupa. Mshipi unateleza wenyewe ukingoni. Ni nafuu, inatupa hata chambo chepesi, na siku ya kwanza tu utakuwa unavua.

Sasa nije kwenye kosa lililoniumiza. Video zote zilisema Aprili ni mwezi wa neema, na kule ni kweli. Baridi inapokwisha na maji yakapanda joto, yakifika kama nyuzi 16 hadi 20, besi dume anasogea maji mafupi, anafagia shimo kwa mkia, jike anakuja kutaga na kuondoka. Dume anabaki kulinda mayai, na hata vifaranga vikishatoka anavilinda kwa muda, akishambulia karibu kila kinachosogea. Nilijua vizuri kwamba mto Ruvu hauna besi. Nikajiambia samaki ni samaki, Aprili ni Aprili.

Kwetu Aprili ni masika. Jumamosi moja ya Aprili 2023 nilimchukua mpwa wangu wa miaka 14, tukapanda gari stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Mlandizi, kisha bodaboda mpaka mtoni. Ruvu ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita katikati kama yana safari yao. Ukitia mkono majini huoni vidole. Nilitupa minyoo ya zambarau, nikatupa visamaki, nikatupa vijiko. Saa tatu nzima hakuna hata kuguswa. Hasira ikaanza kunipanda, nikawa natupa harakaharaka, na katika mtupo mmoja nilivuta fimbo nyuma bila kugeuka kuangalia. Mpwa wangu alikuwa amesogea kuchukua maji ya kunywa. Jino moja la ndoano lilimwingia sikioni, likapita kwenye nyama ngumu ya juu.

Hakulia. Alisema tu, "Mjomba, usivute." Nilikata mshipi kwa meno, tukapanda bodaboda watu watatu hadi zahanati. Ndoano ina kijino kinachoelekea nyuma, kwa hiyo huwezi kuirudisha ilikoingilia bila kuchana nyama. Mganga alimpiga ganzi, akaisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili, akakata kile kijino kwa koleo, ndipo akaivuta irudi. Akamchoma na sindano ya pepopunda. Mtoto alilia jioni, alipomwona mama yake mlangoni. Dada yangu mkubwa alimtazama sikio, akanitazama mimi, akasema, "Mdogo wangu, ni vidole viwili tu kutoka jichoni." Hakuongeza kitu. Miezi miwili sikuigusa fimbo.

Tangu siku ile situpi bila kugeuza kichwa nyuma na kusema kwa sauti "natupa", hata nikiwa peke yangu. Vijino vyote vya ndoano zangu nimevibonyeza kwa koleo vikalala. Kweli samaki mmoja mmoja anaponyoka, lakini ndoano inatoka mwilini mwa mtu kwa urahisi. Anayefuatana nami anavaa kofia na miwani. Na koleo la kukatia, lenye uwezo wa kukata ndoano yenyewe, linakaa mfukoni, si ndani ya begi.

Nilirudi Ruvu mwishoni mwa Juni, peke yangu. Maji yalikuwa yamepungua ingawa bado yana tope. Nilikuwa nimesimama ukingoni kabisa, viatu vinagusa maji, nikasikia mtu ananiita kwa nyuma. Alikuwa mzee mmoja, mvuvi wa pale, amekaa chini ya mkuyu na mishipi yake minne ya mkono imefungwa kwenye vijiti. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Toka hapo." Akanionyesha ng'ambo, kwenye mchanga, alama ya tumbo la mamba lililoburuzwa. Akaniambia nikae hatua saba au nane kutoka majini, nisichote maji mahali pamoja kila mara wala kusimama pamoja kila siku, maana mamba anajifunza mazoea ya mtu. Na saa kumi na moja jioni niwe nimeshaondoka, kwa sababu viboko wanatoka. Kwenye video za Marekani sikuwahi kulisikia hilo, kwa sababu wanaozitengeneza hawavui Ruvu.

Kisha akakitazama chambo changu. "Hicho unachotupa, kinanuka?"

Nikasema hakinuki, ni mpira.

"Sasa kambale atakijuaje?"

Nadhani nilikaa kimya kama dakika nzima. Miezi sita nilikuwa nimejifunza kila kitu kuhusu samaki anayewinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji, halafu nimekuja na vifaa vyake kwenye maji ambayo jicho halifanyi kazi, kumtafuta samaki ambaye macho yake ni madogo kama punje ya mtama. Kambale ana sharubu nane. Ananusa na kuonja kwa sharubu na kwa ngozi, anatembea chini kabisa, anapenda giza na tope. Hewa anaweza kuivuta juu ya maji, ndiyo maana hata dimbwi linalokauka yeye anadumu. Rangi ya zambarau haina maana kwake.

Mzee alinifundisha bila kuniomba chochote. Maini ya kuku yaliyolala siku moja, yamefungwa kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea nguo ili yasidondoke wakati wa kutupa. Chubwi ya kuyapeleka chini, mbele ya ndoano kwa shubiri mbili. Mahali si katikati ya mto bali ndani ya kona, mkondo unapopoa, au nyuma ya gogo lililolala, kwa sababu samaki hataki kupigana na maji siku nzima. Hapo nilishtuka kidogo, kwani ndivyo shemeji alivyosema juu ya besi: tafuta gogo, tafuta kivuli, tafuta mpaka kati ya maji yanayokwenda na yaliyotulia. Kumbe mahali pa kukaa wanafanana. Wanachotofautiana ni namna ya kukijua chakula.

Agosti nilimpata kambale wangu wa kwanza, kilo mbili na nusu. Alivuta kama mtu aliyekanyaga mshipi, bila kurukaruka, mzito tu. Mke wangu alimpika kwa nazi, na tulipokuwa tunakula akaniuliza kwa mara ya kwanza, "Hivi ulimvuaje?"

Kwa perege nililazimika kuanza upya tena. Kinywa chake ni kidogo na anadonoa. Nilikuwa na ndoano pakiti nzima za 1/0, nilizozinunua nikidhani 1 ni ndogo kuliko 8. Ni kinyume. Kuanzia namba 1 kwenda 10 ndoano inazidi kuwa ndogo. Zile zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 4/0, zinazidi kuwa kubwa. Muuzaji hakunieleza na mimi sikuuliza. Perege anataka namba 8 au 10, mshipi mwembamba wa ratili 4 au 6 (ndio uzito unaoweza kuuhimili), boya dogo jepesi, na punje ya ugali mgumu au kipande cha nyungunyungu. Vuta kwa upole boya likianza kwenda kando, usingoje lizame. Kuna siku unawaona kabisa wamejaa na hawagusi kitu. Mzee aliniambia wengine ni majike waliobeba mayai kinywani; perege wetu huyatunza humo mpaka yanaanguliwa na vifaranga kuweza kuogelea, na kipindi hicho karibu hali. Nikamfikiria besi dume akizunguka shimo lake. Mmoja analinda kwa vita, mwingine kwa kufunga mdomo.

Vijiko vya shemeji viliwahi kufanya kazi Ruvu, Oktoba, maji yalipokuwa machache na safi. Kitu kilipiga kwa kishindo, mshipi ukawa mwepesi. Niliurudisha umekatwa kama kwa wembe. Mzee akacheka kwa furaha: ni yule samaki wa meno marefu ya nje, Waingereza humwita tigerfish. Kwa huyo unahitaji kipande cha waya kati ya mshipi na chambo, hakuna mshipi wa ratili yoyote utakaomhimili. Nilipoteza viwili kabla sijasadiki.

Jambo la leseni nalitaja kwa ufupi kwa sababu lilinitia aibu: nilivua miezi minne nikidhani ndoano moja haihitaji ruhusa. Uvuvi una sheria yake, Na. 22 ya mwaka 2003. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri ya mahali unapokwenda, uliza unachotakiwa kuwa nacho. Mimi nilipokewa vizuri na nikaelekezwa pia maeneo ya kutokukanyaga.

Lakini besi alikuwa bado ananikaa moyoni. Shemeji ndiye aliyeniambia kwa simu kwamba si lazima niende Marekani: besi aliletwa ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, na yupo hadi leo. Safari hii nilikaa na mke wangu kwanza. Tukaweka kidogokidogo miezi mitano, na Februari 2024 nikapanda basi la Nairobi, kutwa nzima na sehemu ya usiku, kisha matatu hadi Naivasha. Nauli, malazi ya siku tatu, boti, mwenyeji na leseni vilifika 510,000 za kwetu. Nilibeba fimbo mbili na kiboksi kimoja tu.

Ziwa lile liko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Dar ujue kwamba saa kumi na mbili asubuhi botini meno yanagongana. Mwenyeji wangu, mvuvi wa palepale, alikuwa na makoti mawili, akanivisha moja. Siku ya kwanza nilitupa na kutupa kwenye maji wazi kwa sababu yalikuwa mazuri, yametulia. Aliniachia saa mbili, kisha akasema, "Kaka, besi hakai uwanjani. Tafuta nyumba yake." Akatupeleka kwenye ukingo wa mafunjo, si ndani ya mafunjo, bali pale mafunjo yanapokoma na chini kunaanza kushuka. Sehemu nyingine alikataa kabisa kukaribia, kwa ajili ya viboko.

Chambo kilikuwa mnyoo wa mpira, wa hudhurungi iliyokolea, si wa zambarau. Sababu yake ni kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, walioletwa ziwani humo mwaka 1970. Besi anawala sana, na rangi ya kamba ndiyo anayoijua. Namna ya kufunga ni ile ya Texas: chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki inatangulia kwenye mshipi, kisha ndoano iliyopindwa shingoni. Ncha unaiingiza kichwani mwa mnyoo, unaitoa, unauzungusha, halafu unaichomeka tena mwilini ili isitokeze. Hivyo inapita kwenye majani bila kunasa. Fundo loweka kwa mate kabla ya kulikaza. Kulikaza likavu kunaunguza mshipi na ndipo unapokatikia. Nimepoteza samaki kwa hilo, si mara moja.

Unatupa, unaacha kishuke, unainua ncha ya fimbo kidogo, unaacha kishuke tena. Samaki wengi wanakichukua kinaposhuka, kwa hiyo jicho likae kwenye mshipi. Mguso wa kwanza ulikuwa kama mtu aliyegonga mlango kwa ukucha, mara mbili. Mimi na mazoea yangu ya kambale nikasubiri ameze. Kimya. "Ameshatema," mwenyeji akasema. Kambale amenusa, ameonja, ameridhika, anakwenda nacho. Besi amevuta kwa kinywa kitu alichokiona, na mpira hauna ladha ya kumshawishi abaki nao. Unakunja mshipi uliolegea, na papo hapo unapiga fimbo juu kwa nguvu ili ncha ipasue ule mpira na kuingia mdomoni.

Siku ya pili, saa mbili kasoro asubuhi, mshipi ulihama upande bila mimi kuhisi kitu. Nikakunja, nikapiga. Maji yakapasuka, besi akatoka mzima mzima juu, kinywa wazi, anatikisa kichwa. "Shusha fimbo! Shusha!" Ukiishusha fimbo kando, karibu na maji, unamzuia kuruka, na mshipi usilegee hata kidogo. Alipofika botini mwenyeji aliniambia nilowanishe mikono kwanza, kisha nimshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, na mkono mwingine chini ya tumbo. Kilo moja na robo. Rekodi ya Perry ilikuwa mbali sana na pale, na mimi nilikuwa natetemeka mwili mzima, koti na yote. Nilimkumbuka baba, ambaye hakuwahi kuvua, na sijui kwa nini.

Yule tulimrudisha majini. Wa tatu tulimla nyumbani kwa mwenyeji, kwa ugali. Nyama yake nyeupe na tamu.

Niliporudi Dar mteja wangu mmoja mwenye bwawa Kibaha alifurahia picha, akaniuliza kwa nini tusitafute vifaranga vya besi tukavipandikiza kwake. Nilimkatalia palepale na bado nakataa. Naivasha kulikuwa na kisamaki cha asili kidogo sana, na hakipo tena tangu wageni walipoletwa. Ziwa Victoria sangara aliletwa miaka ya 1950, na waulize watu wa kanda ya ziwa furu, visamaki vya asili vya kule, wangapi wamebaki kati ya wale waliokuwepo. Bwawa la Kibaha mvua moja kubwa inalimwaga Ruvu. Samaki anayejibanza na kumeza kila kinachopita, katikati ya perege waliobeba vifaranga kinywani, sitaki niwe mimi niliyemleta. Anayemtaka besi na apande basi.

Machi, kabla ya masika kukolea, nilikwenda Mlandizi kumsalimia yule mzee. Nilimpelekea mshipi wa kusuka, mita 150, ule nilioununua kwa ghali nikautumia vibaya. Aliuvuta kwa mikono miwili, akaujaribu kwa meno, haukukatika, akaufunga vizuri kwenye kigogo chake. Akaniuliza kuhusu safari, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole kama nilivyomwelekeza, akatua kwenye jicho la samaki, kubwa, la duara.

"Huyu anakaa wapi?"

"Mwisho wa majani, mzee, pale kina kinapoanza."

"Kama kambale wangu tu." Akalitazama tena lile jicho, akanirudishia simu. "Ila huyu hanusi. Huyu anaona."

Akachukua kopo la maini, akaanza kufunga ndoano ya kwanza.